Joto la Mikono ya Katungu

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mwaka 1966, Katungu alikuwa akipiga pasi shati la nne kwenye baraza ya duka la nguo mjini Butembo, alipokumbuka kwamba hajaongeza makaa tangu asubuhi. Akafungua kifuniko cha pasi. Ndani mlikuwa na majivu baridi na kipande kimoja cha kaa ambacho hata hakikuwahi kushika moto. Akafunga kifuniko, akalowesha kidole kwa mate na kugusa chuma. Chuma kikalia. Akamaliza shati la nne, akachukua la tano.

Joto lilikuwa likitoka mikononi mwake, likipita kwenye mpini wa mti na kushuka chini. Muyisa, mwenye duka, alipoambiwa alikuja kuyatazama majivu, akaridhika.

“Iko muzuri,” alisema. “Moshi ya makaa ilikuwa inachafua bitambaa byangu.”

Akarudi ndani kupima kitenge. Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Kitu kikifanya kazi, hakihojiwi. Isitoshe, kila mtu alijua joto lile lilianzia wapi.

Mume wa Katungu aliitwa Kambere, dereva wa lori la viazi na maharage kutoka Kayna. Mwaka 1964 waasi walipoingia mjini walihitaji mtu mwenye mwandiko mzuri wa kujaza kadi za chama chao, maana asiye na kadi hakupita barabarani. Wakampata Apollinaire, karani, jirani wa akina Kambere. Akawaandikia watu wote kadi, naye akajiandikia yake. Waasi walipokimbia na wanajeshi wa serikali kurudi, wao nao walihitaji mtu mwenye mwandiko mzuri wa kuandika orodha ya watu wa waasi. Wakampata Apollinaire. Mji mzima ulikuwa na kadi. Orodha ilikuwa na majina kumi na tisa. La Kambere lilikuwa la kumi na moja, kwa mwandiko uleule wenye mikia mirefu. Alichukuliwa Jumatano, saa nne asubuhi, amevaa koti lake la velur, ile mahameli laini, la rangi ya udongo, alilolinunua kwa ajili ya sikukuu ya uhuru. Lori lililowabeba lilielekea upande wa Beni, likarudi tupu. Siku iliyofuata wanajeshi waliichoma nyumba yake na kila kilichokuwamo.

Sasa Apollinaire alikuwa sekretari katika ofisi moja ya serikali. Kila asubuhi, saa mbili kasorobo, alipita mbele ya baraza.

“Mama Katungu, jambo.”

“Jambo, monsieur le secrétaire.”

Salamu hainyimwi mtu. Lakini kabla Apollinaire hajafika kwenye kona, pasi ilikuwa haihitaji tena makaa.

Mwanzoni lilikuwa jambo la faida. Kisha pasi ikaanza kuunguza. Iliunguza kola mbili za muuguzi, ikaunguza gauni la kipaimara, na Ijumaa moja ikaacha alama yake ya kahawia katikati ya kitambaa cha altare. Padri aliweka kikombe juu ya alama hiyo na kusoma misa kama kawaida, lakini masista hawakuleta tena nguo. Muyisa akaanza kukunja uso.

Nyumbani Katungu hakuweza kukaa. Alifagia uwanja, akaufagia tena, akahamisha vyungu kutoka ukuta huu kwenda ule, akavirudisha. Alianza kula akasimama. Alikwenda mtoni Kimemi kupoza mikono, na maji yakatoa mvuke mpaka kwenye viwiko. Wanawake waliokuwa wakifua walihamia upande wake wa chini wa mto, kwa sababu maji ya uvuguvugu huondoa uchafu vizuri, wakamwomba aje pia siku ya Alhamisi.

Na kulikuwa na shida ya matanga. Baba mdogo wa Kambere, mzee Ananie, aliyekuwa msemaji wa ukoo, alisema matanga hayawezi kufungwa bila kitu cha kuzika kwenye migomba ya nyumbani: mwili, au walau nguo iliyonyonya jasho la marehemu. Zikikosekana zote, watu huzika shina la mgomba, lakini hilo ni jambo la aibu, tena kwa mwanamume aliyeacha binti. Nguo zote za Kambere ziliungua na nyumba. Ilibaki ile moja aliyoondoka nayo. Mwaka na zaidi ulipita, wageni wa msiba wakazeeka kidogo, matanga yakabaki wazi.

Aliyemshauri ni Godelive, dada yake Kambere.

“Mulamu, utaunguza mutoto siku moja,” alisema. “Beni kuko fundi. Muzee Lukumani. Anafundishaka batu kushika hasira.”

“Mi siko mugonjwa.”

“Hapana mugonjwa. Dereva mubaya wa hasira yako tu.”

Katungu alimwachia Godelive binti yake, akapanda lori la chumvi.

Mzee Lukumani alikuwa Mwislamu wa Beni, fundi wa malori, mtu mrefu aliyenyooka kama mtarimbo. Darasa lake lilikutana baada ya sala ya alasiri katika uwanja wa gereji, juu ya matairi mabovu. Yeye mwenyewe alianza kuugua siku waasi walipochukua lori lake: kila alipokasirika alikohoa moshi mweusi wa mazoti, dizeli ya malori. Mke wake, Hadidja, alikuwa akianika kofia yake nje kila jioni ipungue harufu. Sasa alikuwa anakohoa mara moja kwa mwezi, tena moshi mweupe, ambao kila dereva anajua si mbaya sana.

Msimu ule mwanafunzi mwingine alikuwa mmoja tu, Salomon, mwalimu wa shule ya msingi huko Mbau. Wanajeshi walikuwa wamegeuza madawati yake yote kuwa kuni za kupikia, na tangu hapo sauti yake ikipanda inapasua ubao. Alikuwa amebakiwa na nusu ya ubao, kwa hiyo alikuja.

“Hasira yako inaanziaka wapi?” Lukumani alimuuliza Katungu siku ya kwanza.

“Ku mikono.”

“Ku mikono ni mwisho. Lori ikichemka, moshi unaona ku capot, pale juu ya injini, lakini ilianza zamani, kule chini ya mulima. Dereva mubaya anaonaka moshi. Dereva muzuri anasikiaka harufu. Enda, utafute.”

Ilimchukua siku nne. Alitembea kutoka gereji hadi sokoni na kurudi, akimtaja Apollinaire moyoni, akijisikiliza. Mwishowe aligundua kwamba inaanzia kwenye kiwiko cha kushoto, kama kuwashwa na upupu, muda wa kusema nusu ya Baba Yetu kabla ya kufika viganjani.

“Eee, hapo,” Lukumani alisema. “Sasa uko na wakati.”

Mengine aliyafundisha kwa kutumia mlima wa kupanda kwenda Butembo, ambao kila lori la zamani lilichemka juu yake. Injini ikichemka huizimi ghafla, utaipasua. Unaiacha izunguke bila mzigo. Unashusha gia. Unavuta pumzi nane, ndefu, unazitoa polepole kuliko ulivyozivuta. Na kifuniko cha radiateri hukifungui kingali cha moto, hata kama abiria wote wanapiga kelele. Lukumani alikunja mkono wa shati na kuwaonyesha kovu tangu kiganja hadi begani. Alilipata ujanani, kwa haraka yake mwenyewe.

“Na moto inaenda wapi?” Katungu aliuliza.

“Haiendi. Unaipatia kazi.”

Kazi yake ilikuwa yai. Alishika yai bichi kiganjani, na Lukumani alikaa mbele yake akitamka kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma namba za lori: Apollinaire. Kadi. Orodha. Jina ya kumi na moja. Wiki ya kwanza Katungu alipika mayai ishirini na saba. Salomon aliyala kwa chumvi, akanenepa. Wiki ya pili yalitoka yameiva nusu, na Hadidja akasema hayo ndiyo matamu zaidi. Katungu alichukia mayai, alichukia matairi, alichukia subira ya yule mzee. Usingizi haukuja. Kila alfajiri alikuwa amekwisha kufagia uwanja wa gereji kabla kuku hawajashuka.

Alhamisi ya wiki ya tatu, lori la kijani liliingia uwanjani likitoa mvuke puani. Mlangoni jina la zamani lilikuwa limepakwa rangi na jina jipya kuandikwa juu yake, lakini la zamani lilisomeka bado kwa chini: LUKUMANI. Mzee alifungua capot, akasubiri, akaziba tundu, akajaza maji, akamwambia dereva asipande mlima kwa gia ya tatu. Lori likaondoka.

“Ile ni lori yako,” Katungu alisema.

“Eee.”

“Waasi waliibeba, sasa hawako. Hawakurudisha?”

“Waasi walinyang’anywa na mutu mukubwa. Mutu mukubwa anabebeshaka kahawa yake. Ikichemka, wananiletea, juu ya vile mi najua tumbo yake.”

Alikohoa kidogo. Moshi ulikuwa mweupe.

“Donc unatufundisha kunyamaza,” Katungu alisema, na yai mkononi mwake likapasuka kwa joto.

“Kunyamaza kila mutu anajua tayari, mama. Mi nafundishaka bafundi.” Akampa yai lingine. “Apollinaire. Orodha.”

Jumatatu iliyofuata Lukumani aliyataja yote, akaongeza na ambayo Katungu hakuwahi kumwambia, kisha akalichukua yai kiganjani mwake na kulivunja kwenye bakuli. Kiini kilitandaa cha manjano, kibichi kabisa. Salomon, ambaye hakuwa na la kula siku hiyo, alimpongeza kwa kunong’ona.

Katungu alirudi Butembo. Alijua sasa joto la pamba, joto la kitani na joto la nailoni, akiyapandisha na kuyashusha kama dereva kwenye kona. Masista walirudisha nguo. Muyisa aliandika kwenye ubao mbele ya duka: PASI BILA MOSHI. Apollinaire alipita saa mbili kasorobo, akasalimu, akajibiwa. Kiwiko kiliwasha. Katungu alivuta pumzi nane, shati likatoka limenyooka. Usiku bado alihamisha vyungu, lakini hilo lilikuwa jambo lake na vyungu vyake.

Katikati ya mwezi wa sita, siku ya Jumamosi, ambayo watu wa pale huiita siku ya posho, Apollinaire hakupita. Alipanda barazani, na mkononi alikuwa na koti.

“Mama Katungu, nasikia mikono yako imepona.”

“Imefundishwa, monsieur le secrétaire.”

“Tarehe makumi tatu, sikukuu ya uhuru, nitakaa ku tribune na wakubwa. Unipigie hii muzuri. Nangojea hapa.”

Akaketi kwenye kiti cha Muyisa. Lilikuwa koti la velur la rangi ya udongo.

Velur haipigwi pasi usoni, nyuzi zake zitalala. Hugeuzwa ndani nje, hufunikwa kitambaa kibichi. Mpigaji pasi mwingine angeweza kusahau hilo; Katungu hakuwa mtu wa kusahau kazi. Aligeuza koti. Mfuko wa ndani ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono ya haraka ya mtu aliyeishiwa uzi mweusi. Aliushona yeye, jioni moja ya mvua, baada ya Kambere kuupasua kwa kuchomeka humo permis yake ya udereva. Na mgongoni, chini ya bega la kushoto, kulikuwa na tundu dogo la mviringo, limefumwa vizuri kwa uzi wa kahawia na fundi mwingine.

Katungu aliumia. Aliumia mpaka akawa hasikii kelele za barabarani. Alikuwa amejiuliza miezi yote ile kama Kambere aliugua huko walikompeleka, kama aliita mtu. Sasa alijua kwamba alipigwa risasi akiwa amewapa mgongo. Akajua jambo jingine pia. Watu walikuwa wamesema Kambere aliandikwa kwenye orodha kwa sababu ya koti, naye hakutaka kuamini kwamba mtu anaweza kuandikwa kwa ajili ya koti.

Kiwiko cha kushoto kilianza. Kitambaa kibichi kilitoa mvuke kabla pasi haijakigusa. Angeacha kidogo tu, koti lingewaka lote pale juu ya meza, na Apollinaire asingelivaa kamwe. Lakini na kwenye migomba ya nyumbani kusingekuwa na cha kuzika. Kitu pekee duniani kilichobaki na jasho la Kambere kilikuwa chini ya viganja vyake, na viganja vyake ndivyo vilivyokuwa hatari yake.

Alishusha gia. Pumzi ya kwanza haikutosha, wala ya tano. Aliacha injini izunguke. Kwenye ya nane joto lilishuka hadi kiasi cha velur, likasimama hapo, naye akalipa kazi. Alipiga mikono ya koti, akapiga mgongo, akapiga na lile tundu, polepole, kwa duara, mpaka uzi wa kahawia ukalala sawa na nguo.

“Hii koti iko ya Kambere,” alisema, akiwa bado ameinama.

“Makoti ya velur iko mingi mu Butembo.”

“Uzi nyekundu iko yangu. Tundu iko ya nani?”

Apollinaire aligusa mfuko wa shati, mahali alipochomeka kalamu. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayengoja foleni.

“Mama, ulienda Beni kufundishwa nini?”

“Kushika hasira.”

“Bon. Shika.”

Katungu aligeuza koti usoni, akalipiga brashi, akamkabidhi. Muyisa, aliyesikia yote kutoka ndani, alikohoa na kuuliza kama kitambaa cha altare kimekwisha.

Tarehe thelathini bendi ilipiga, watoto wa shule waliandamana, na Apollinaire alikaa jukwaani. Watu waliomjua Kambere walilitambua koti, na wote walikubaliana kwamba limepigwa vizuri sana.

Wiki iliyofuata mzee Ananie alikwenda kumwona, amevaa kofia yake ya misa, kwa niaba ya ukoo. Hakudai mtu wala kosa, aliomba nguo tu, kwa ajili ya matanga. Apollinaire alimpa kiti na kumweleza kwa heshima.

“Tata, nikipatiana koti, batu watasema nilijua fasi kwenye Kambere alikufia. Mi hapana jua. Donc koti inabakia.”

Ananie aliligeuza jibu hilo njia nzima ya kurudi, akitafuta mlango wa kuliingilia, asiupate.

Basi mwezi wa nane walizika shina la mgomba. Walilikata asubuhi, urefu wa mtu, wakalifunga kwenye shuka jeupe ambalo Katungu alikuwa amelipiga pasi mara mbili. Kulikuwa na ukungu na manyunyu, baridi ile ya Butembo inayoingia kwenye mifupa. Kabla ya sala, wanawake wazee walimpitia Katungu mmoja mmoja, wakaweka viganja vyao katika vyake ili wapate joto. Hakuna aliyesukuma mwenzake. Waliunda mstari wenyewe. Mzee Lukumani alikuwa amekuja toka Beni na lori la chumvi, na Salomon pamoja naye. Walisimama nyuma, wakimtazama kama mafundi wanavyotazama kazi.

“Mulamu,” Godelive alinong’ona, “hasira imeisha?”

“Hapana. Imejua kazi.”

Apollinaire alifika shina likiwa limeshashushwa. Alikuja kama jirani na kama serikali, amevaa koti la velur, mikunjo yake imesimama. Watu walimpisha. Alitupa udongo kwa mkono wake mwenyewe, akasema maneno machache juu ya utulivu, kwamba nchi inahitaji watu wanaojua kujizuia, akamtaja mama mjane kuwa mfano. Salomon aliziba mdomo kwa mikono miwili, na dirisha la nyumba ya Ananie likatoa ufa mmoja, mdogo. Lukumani alikohoa. Mara hii moshi ulikuwa mweusi, nao ukachukua muda kuondoka katika ukungu.

Kisha, wanawake wazee walipokuwa wakijipanga tena kwenye mstari, Apollinaire alikuja kwa Katungu na kumnyooshea mikono yote miwili.

“Pole, mama.”

Kiwiko kiliwasha. Katungu alikuwa na wakati, kama alivyofundishwa, muda wa nusu ya Baba Yetu, na katika muda huo aliyaona yote ambayo mikono yake ingeweza kufanya. Alimtazama binti yake aliyesimama kando ya Godelive. Alitazama kalamu mfukoni mwa sekretari. Akaishika mikono ya Apollinaire kama yai.

“Mikono yako iko na joto muzuri,” Apollinaire alisema. Hakuharakisha kuitoa, ilikuwa siku ya baridi. Alipoitoa, aliona udongo wa kaburi umeshika kwenye mkono wa koti, akaupangusa, ukazidi kuenea.

“Siku ya posho nitakuletea koti,” alisema.

“Leta,” Katungu alijibu, akampokea mama mzee aliyefuata kwenye mstari.